Chokaa Jichoni, Maji ya Msikitini

Siku yangu ya kwanza katika zahanati ile ya Industrial Area, Doha, msimamizi wa wauguzi alinisimamisha mbele ya bomba la kuoshea macho. "Chokaa ikiingia jichoni, maji kwanza, jina baadaye," akasema. "Ukianza kujaza fomu umempofusha mtu." Wanangu, nilitoka Tanga nikijua kuzalisha tu, macho nilikuwa nayaogopa.

Chokaa haichomi ikaacha. Huendelea kula konea, kile kioo cha mbele cha jicho, hata maumivu yakipungua. Nazo kambi za vibarua wa ujenzi zilikuwa mbali, na basi la kampuni lilirudi jioni. Ndipo daktari mkuu akaamua tugawe namba ya simu kambini, tiba ianze kabla mgonjwa hajafika. Simu nikapewa mimi. Kila ikilia, niliruka kitini.

Mchana mmoja wa kiangazi ikalia. Alikuwa Mkenya, fundi plasta.

"Sista, mwenzangu amemwagikiwa chokaa machoni, yote mawili!"

"Mfungulie bomba!"

"Maji ya tangi yanaunguza, sista! Hata mkono hauingii!"

La haula! Nilisahau kabisa. Kiangazi cha Doha tangi hushinda juani, na maji ya bomba huwa ya kuchemka.

"Msikiti uko karibu?"

"Uko hapa ng'ambo."

"Nje pana sabili, yale maji baridi ya sadaka. Mlaze chini ya bomba, mfumbue macho kwa vidole, mwagia usiache!"

"Kuna foleni ya watu wanakunywa. Watatupiga!"

"Wawapige! Mwagia!"

Simu ikakatika. Nikamwona akilini yule kijana akishuka uwanja wa ndege kwao akiongozwa mkono, na mama yake anamsubiri. Nililia kwa woga, sioni aibu kusema.

Walifika kwa pikapu. Kumbe watu wa foleni ndio waliomshika kichwa, wakimmwagia kwa vikombe vyao. Nikamgusisha pembeni mwa jicho karatasi ya kupima ukali wa chokaa, ikaonyesha chokaa imetoka. Lakini kufungua kope niliogopa.

Akazifungua mwenyewe, macho mekundu kama pilipili. Akanitazama.

"Sista, mbona unalia? Hata jina hujaniuliza."

"Nani wewe?"

"Hamisi. Wa Lushoto."

Baadaye kambi zile ziliwekewa matangi ya maji ya kuoshea macho, kivulini. Mimi nimestaafu, niko Tanga, na simu ikilia mchana moyo bado unaniruka. Hamisi anajua. Kila Idi hunipigia, na kabla sijasema haloo, hutaja jina lake kwanza.