Mzee Anajua

Baba alipotolewa mtoto wa jicho hapa Bariadi, nilimweka sebuleni kwangu na bandeji yake, akawa anashinda akisikiliza televisheni. Taarifa ya habari haitaki, anasema wanasiasa wanamchosha. Anachopenda ni filamu za nje zilizotafsiriwa, zile ambazo mtu mmoja anaingiza sauti za wote, wanaume, wanawake na watoto, halafu anaongeza maneno yake. Mimi zinaniudhi. Yule mtafsiri hawezi kumwacha mtu alie kwa amani.

Mchana huo nilikuwa mkekani nachambua mchele. Filamu ilihusu familia moja tajiri iliyofiwa na mtoto. Aliyelaumiwa ni dada wa kazi, akafukuzwa na kifurushi chake. Miaka ikapita, wenye nyumba wakawa wanakula meza moja bila kutazamana. Baba wa familia hakusema neno, alikata nyama tu kwenye sahani. Lakini mtafsiri alikuwa ameshamgundua, akapaza sauti: "Mzee anajua! Watazamaji, huyu mzee anajua kila kitu, kauchuna tu!"

Baba yangu akaacha kutafuna karanga.

Kwetu ni Mwamapalala. Mdogo wangu wa mwisho alikufa msimu wa kupuliza dawa ya pamba. Alirudi kutoka shambani akitapika, na kabla jua halijazama alikuwa ameshatutoka. Hakuna aliyeuliza ameugua nini. Waliuliza ni nani. Mganga akaletwa, akapasua kuku, akamtazama ndani, akasema ni mwanamke wa humu humu nyumbani. Mama hakuweza kushukiwa kwa mtoto wake. Akabaki dada yake baba, mjane, aliyekuwa akitupikia na kutuogesha. Tulimwita sengi, ndivyo Wasukuma tunavyomwita shangazi. Majirani walimpa mpaka kesho yake awe ameondoka. Baba alikuwepo, amekaa kwenye kigoda chake, na hakusema neno. Sengi akaenda Mwandoya. Hata kwenye msiba wa mama hakuja, maana watu wasingemruhusu.

Siku chache baada ya kumfukuza, nilimwona baba akifukia chupa tupu za dawa ya pamba nyuma ya zizi. Chupa hizo kila mtu alizitumia. Unaisugua kwa majivu na mchanga, unaisuuza, unatia maji au maziwa ya kwenda nayo shambani. Tangu siku ile maziwa yetu yalibebwa kwenye kibuyu tu. Nilikuwa na umri wa kuona. Nilipofika umri wa kuuliza, nilikuwa nimeshazoea kutouliza, na mazoea hayo yamenitia ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Ukinigusa hapo, sisikii.

"Mwambie huyo anyamaze," baba akasema.

Kabla sijanyanyuka, umeme ukakatika. Nikarudi kwenye mchele wangu. Baba akazungusha karanga zake mkononi, kisha akauliza:

"Yule dada wa kazi, walimrudisha?"

"Sijui, baba. Umeme umekatika."

"Chupa ilikuwa yangu," akasema. "Niliisuuza mwenyewe. Niliona imetakata."

Siku zote nilidhani nikija kuyasikia maneno hayo nitalia, au nitamrushia ungo pamoja na mchele wake. Sikufanya lolote. Nilitoa kijiwe kwenye mchele, nikakiweka pembeni, nikatafuta kingine. Nilimwonea huruma, nadhani, lakini ilikuwa huruma ya mbali, kama unavyomhurumia mtu wa kwenye filamu.

"Mpigie sengi yako," akasema.

Namba ninayo. Humpigia sikukuu, mlango nikiwa nimeufunga. Nilipiga, nikaweka sauti ya wazi, nikampa baba simu. Wakasalimiana mwadila, mwadila, kama watu waliokutana mnadani. Waliendelea kwa Kisukuma, nami nayaandika kwa Kiswahili.

"Chupa ilikuwa yangu, dada."

Upande wa pili mbuzi walikuwa wakilia. Nikadhani simu imekatika.

"Najua," sengi akasema. "Si nilimwosha mdomo mimi? Alinuka dawa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, nani angenisikiliza? Nilikungoja wewe useme."

Baba akashusha pumzi. Nilitaka sengi amtukane. Nilitaka mtu mmoja katika ukoo wetu apandishe sauti, walau yule mwenye haki.

"Watu wa Mwamapalala umewaambia?" akauliza, taratibu tu.

"Bado."

"Basi kawaambie hao. Mimi najua."

Akakata simu. Baba akabaki ameishikilia sikioni, nami nikamwacha. Baadaye akasema kesho kutwa akifunguliwa bandeji anataka kwenda nyumbani, na njiani nimpitishe kwa mwenyekiti wa kijiji aitishe watu. Nikamwambia sawa.

Umeme ukarudi. Mtafsiri alikuwa amefika mbali, sasa akilia kwa sauti ya mwanamke. Baba akanigeuzia uso wake wenye bandeji.

"Mwanangu, tukifika pale mbele za watu, utanisemea?"

"Hapana, baba," nikamjibu. "Nitakupeleka tu."