Nusu ya Wimbo wa Mama

Mimi nina wasiwasi wa kuzaliwa nao. Nikitoka nyumbani narudi mara mbili kuangalia kama nimezima jiko, na simu ikiita alfajiri nakaa chini kwanza ndipo nipokee. Kwa hiyo mtu asije akadhani nilizunguka kwenye vilabu vya pombe kwa starehe zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kanisani nafundisha kwaya ya akina mama. Kilichonipeleka kilabuni ni mama yangu kukataa kula.

Nilikuwa nimemchukua kutoka kwake Ipililo baada ya kukutwa barabarani na jembe begani, anakwenda kulima shamba tuliloliuza zamani. Nikamleta kwangu Bariadi. Kumbukumbu zilikuwa zinamtoka moja moja. Jina langu lilitangulia kupotea; siku nyingine nilikuwa dada yake, siku nyingine nesi. Hayo niliyazoea. Kilichonishinda ni wimbo.

Ulianza msimu wa pamba. Mchana nikimtengea ugali, ananawa mikono, anaangalia mlangoni, anaanza kuimba. Wimbo wa Kisukuma, wa majigambo, unawasema watu fulani kwamba kucheza wanajua ila jembe linawashinda. Anaimba mistari minne, sauti imenyooka utadhani ni binti, halafu anakata ghafla. Anatega sikio. "Kisha?" ananiuliza. Anangoja. "Kisha?" Anaanza upya. Akifika mara ya nne amekwisha kasirika, anasukuma sahani, na siku hiyo hali tena.

Nilijaribu kila namna. Nilimwimbia mapambio, akaniangalia kama nimemtukana. Nikamrudishia mistari yake ileile, akanijibu kwa hasira, "Hiyo nimeshaimba mimi!" Hospitali daktari alisema ni uzee, ajitahidi kula. Ajitahidi! Nilitamani kumwachia mgonjwa hapo hapo ajitahidi naye. Gauni zake zilikuwa zinamning'inia, na kila nikimwogesha nilihesabu mbavu bila kupenda.

Baba alishafariki. Zamani, kabla hajaokoka, alikuwa anapiga ndono, ule upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, unaogongwa kwa kijiti. Nilikuwa mdogo sana alipoigawa. Nakumbuka kwa mbali tu: uani kumejaa pamba, mama anachambua, ndono inalia upande wa pili wa ua, na wimbo huu huu hewani. Basi nikajiambia, ni wimbo wa baba, mama amesahau mwisho wake. Nikiupata mwisho, atakula.

Wapiga ndono waliobaki ni wazee, na hukutana siku za mnada, kilabuni. Mwalimu mwenzangu aliniambia nianzie Mwamapalala, maana ni karibu, na tena ndiko mama alikozaliwa. Nikamwomba jirani yangu akae na mama, nikapanda bodaboda. Nilivaa miwani ya jua nisitambulike. Ujinga mtupu! Kilabu kizima kiligeuka kumwangalia mwanamke mwenye miwani ya jua.

"Mwadila," nikasalimia.

"Mwadila, mayu," wakajibu, wakiniita mama, lakini mikono ilikuwa inaficha vitu chini ya benchi. Nilipotoa simu nirekodi, ndono zikanyamaza zote. Mwenye kilabu akaja mbio akijifuta mikono. "Mama, leseni ninayo, nikuletee?" Walidhani nimetoka halmashauri.

Nikavua miwani, nikaweka simu kwenye mkoba, nikawaeleza habari za mama. Halafu nikaimba. Mstari wa pili haujaisha, wazee watatu walishaudaka; wa tatu kilabu kizima kinaimba, watu wanagonga vikombe. Machozi yalinitoka. Jamani, nimeupata siku ya kwanza!

Mstari wa nne ulipoisha, wote wakakata. Palepale anapokatia mama.

"Endeleeni," nikasema.

"Umeisha," mzee mmoja akanijibu, anacheka.

"Umeishaje? Mama ananiuliza kisha nini!"

Akanieleza kwa upole. Ngoma zetu zina pande mbili zinazoshindana tangu enzi za mababu. Sizitaji hapa, nina majirani wa pande zote. Wimbo ule ni wa kuchokoza. Upande wao unauliza, upande wa pili ndio unaojibu. "Jibu tunalijua, mayu. Tumelisikia miaka yote. Ila kinywani mwangu halipiti. Nitakufa sijaliimba."

Nilipiga magoti kwenye vumbi. Nikamwambia mzee kwamba mama yangu hali chakula, mama yangu anaisha. Yule mzee alihuzunika kweli, alinishika mkono, lakini aliendelea kutikisa kichwa. Nilikasirika mpaka nikatamani kukipasua kile kibuyu cha ndono yake. "Nenda Nassa," akasema. "Wenyewe wako huko."

Nassa ni kwao baba.

Nilisubiri mnada wa huko siku sita, na katika siku hizo mama alikuwa anakunywa uji vijiko viwili, vitatu. Usingizi sikuupata. Siku yenyewe nikapanda basi la asubuhi kupitia Lamadi, roho juu juu. Nimefika nje ya kilabu, nakutana uso kwa uso na mwanakwaya wangu, kaja kununua dagaa.

"Mwalimu! Huko unatafuta nini?"

"Choo," nikasema, nikaingia.

Ndani wapiga ndono walikuwa wanne kwenye benchi moja, wanapokezana, huyu akimaliza mwenzake anaingia. Nilikuwa na haraka, nikafanya kosa ambalo hata mtoto wa huku hafanyi. Sikueleza chochote. Sikujitambulisha. Zilipotulia tu, nikasimama katikati yao nikaimba mistari minne ya mama, kuwaambia machoni kwamba jembe linawashinda.

Hakuna aliyecheka. Mama muuza pombe aliguna. Mpigaji mzee kuliko wote aliilaza ndono yake mapajani.

"Wewe ni wa nani?"

Nikamtaja baba na ukoo wake. Akaniangalia usoni kwa muda, hasa pua.

"Kumbe mtoto wetu! Mtoto wetu mwenyewe anakuja kututukana nyumbani kwetu, tena kwa wimbo wa wale!" Sasa ndipo wakacheka, lakini faini ilikuwa palepale: kibuyu kimoja cha pombe, ninywe nimesimama, mpaka chini.

Nikajitetea kwamba mimi ni mtu wa kanisa. "Hata baba yako alikuja kuwa mtu wa kanisa," mzee akasema. "Kunywa, au nenda zako." Akilini nikamuona mama na lile gauni linaloning'inia. Yesu wangu nisamehe, nilikunywa, macho nimefumba, na chozi likichanganyikana na pombe mdomoni.

Kisha nikamweleza kila kitu. Alipoelewa kwamba anayeimba ni mama, alishika kichwa.

"Anaimba, halafu anakata?"

"Ndiyo, guku," nikasema, nikimwita babu. "Amesahau."

"Hajasahau! Mama yako alikuwa mwimbaji wa upande ule, mkali balaa. Alisimama kwenye uwanja wao akatuuliza wimbo huo mbele ya watu wote, na baba yako ndiye aliyemjibu. Mwaka huohuo wakaoana. Wa kwao wakanuna, na sisi tukanuna, ndiyo maana wakahamia Ipililo." "Mwanangu, mama yako hatafuti mwisho. Ameshamaliza kuuliza. Anamsubiri mumewe ajibu."

Miezi miwili yule mama alikuwa anamwita mume wake mezani, na mimi nilikuwa namletea mapambio.

Mzee alikataa simu. Jibu halichukuliwi kwa mashine, alisema, linachukuliwa kwa mdomo. Akaniimbisha, akaniimbisha, nikikosea ananigonga goti kwa kile kijiti cha ndono. Jibu lenyewe ni la utani: kama jembe linatushinda, tuazimeni yule binti yenu anayeimba aje atufundishe, tutamrudisha mavuno yakiisha. Nilipoweza mara tatu bila kukosea aliniachia. "Wabeja, guku," nikamshukuru, nikakimbilia basi.

Safari ile sitaisahau. Kichwa kimoja, wimbo mmoja, na nje magari ya pamba yanapiga honi. Nilikuwa naimba kwa midomo tu. Abiria wa pembeni akahamia kiti kingine, na harufu ya pombe ilimpa kila sababu. Tulipoipita Lamadi, simu ikaita. Jirani. Nikaitazama. Nikipokea tukaongea, wimbo unatoka. Nilikuwa na uhakika kabisa unatoka. Nisipopokea, je, kama mama ameanguka? Ikakatika. Ikaita tena. Mara ya tatu niliifunika kwa mkoba na kuendelea kuimba, nikijiona mtoto mbaya kuliko wote mkoani.

Saa kumi na moja jioni nilifika. Jirani alikuwa mlangoni.

"Mbona hupokei? Anaimba tangu mchana. Sauti inamkauka, hataki hata maji."

Sikumjibu. Sikuthubutu kufungua mdomo kwa neno lingine lolote. Mama alikuwa kwenye mkeka, ugali wa mchana uko mbele yake umefunikwa, anaimba kwa sauti iliyobaki nusu. Mstari wa tatu. Wa nne. Akakata, akatega sikio mlangoni.

Nikaimba nikiwa nimesimama palepale mlangoni na mkoba wangu begani. Sauti yangu si ya baba, ni nyembamba, na mstari wa pili niliushika vibaya. Niliendelea. Tuazimeni yule binti yenu. Tutamrudisha mavuno yakiisha.

Mama hakusema "kisha". Alinitazama kuanzia miguuni mpaka usoni, akanusa pombe, akasonya.

"Umechelewa," akasema.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Na umekunywa."

"Kidogo tu."

Akavuta sahani. "Ugali umepoa. Kaa tule."