Mrefu na Mfupi Kwenye Daraja la Mkula

Ukitoka Ifakara kwenda Kidatu, ukifika Mkula, kuna daraja dogo kabla ya magenge. Punguza mwendo, utazame kushoto. Ule ukingo wa chuma unaopanda taratibu kutoka darajani kama mgongo wa ng'ombe anayeinuka, niliufunga mimi. Mimi huyu huyu niliyeacha shule darasa la nne! Leo hapa Ifakara nina karakana Kibaoni na nyumba ya tofali za kuchoma Viwanja Sitini, na mapaa ya mji huu mengi nimeyapiga kwa mkono wangu. Sijisifu. Nenda kaulize kama kuna linalovuja.

Tatizo la pale lilikuwa hivi. Ukingo wa zamani wa daraja ni mfupi, unanifika pajani, na mimi mwenyewe si mtu wa kwenda juu sana. Barabara ilipotengenezwa upya wakaleta ukingo mwingine, mrefu, ukaishia mbele kidogo ya daraja bila kukutana na mwenzake. Katikati pakabaki pengo, na nyuma ya pengo hilo ndipo mama mkwe wangu anapouza mchele na ndizi.

Injinia wa barabara alisema bila kuzunguka: pengo lisipozibwa vizuri, genge litaondoka, kwa sababu gari likiteleza hapo litaingia moja kwa moja kwenye magunia. Mama mkwe akajibu kwamba yeye haendi popote, wateja wake wanamjua akiwa pale.

Kazi nikapewa mimi. Wangempa nani?

Mama mkwe ni Msukuma, mrefu kama mlingoti wa bendera, na binti yake, yaani mke wangu, kafuata urefu huo huo. Nilipokwenda kuposa, mama aliwaambia wazee, "Kijana mchapakazi, sikatai. Lakini picha ya harusi mtaipigaje?" Na kwa desturi yake, mkwe hasogelewi ovyo. Miaka yote akitaka kunieleza jambo, anamwambia mtu mwingine nami nikiwa nasikia.

Kwa hiyo siku ile nikawa nafunga nguzo mbele ya genge lake huku kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake. Waendesha bodaboda wakawa na sherehe.

"Fundi, leo unaozesha mrefu na mfupi!"

"Hiyo ndoa naijua," nikawajibu. "Naishi ndani yake."

Hata mama mkwe alicheka, ila aliyageukia magunia.

Injinia alikuwa ameniachia maagizo: nisikate ule mrefu, na nisiweke ngazi, maana gari linaloserereka likikuta ngazi linasimama ghafla au linapinduka. Niushushe urefu pole pole, na nguzo za hapo katikati nizisogeze karibu karibu. Nikafanya hivyo, na pima maji yangu mfukoni. Vipande vilikuja vikiwa tayari na mteremko wake; nikavipanga, nikakaza bolti, nikarudi nyuma kutazama. Ukingo ulikuwa umenyooka kama kazi ya kiwandani. Niliwaambia bodaboda waupige picha.

Injinia alikuwa anakuja jioni kukagua. Mama mkwe, akitaka mambo yapendeze, alichukua khanga yake kuukuu akaanza kuufuta ukingo vumbi, kuanzia darajani kuja gengeni kwake, kama magari yanavyokuja. Akafuta, akafuta, mara khanga ikakamatwa. Akaivuta, ikachanika chwaa!

Akasimama. Akamwita bodaboda mmoja.

"Mwambie fundi, gari langu limenasa."

Nilisogea. Kumbe kwenye kila kiungo nilikuwa nimelaza bati la juu likifunika bati la chini, kama ninavyofanya kwenye paa tangu naijua nyundo, kwa sababu maji hutoka juu kwenda chini. Lakini pale hakuna maji ya kutoka juu, kuna malori ya mpunga, nayo yanatoka kwenye ukingo mfupi kwenda kwenye mrefu! Ncha za mabati zilikuwa zimeyatolea meno. Lori likiuchubua ukingo lingenasa pale pale iliponasa khanga.

Fundi mwingine angebishana. Mimi nilichukua spana. Nikafungua bolti zote, nikageuza mlalio, bati la chini likawa mbele, upande wa barabara, la juu nyuma yake, bodaboda wakinishikia vyuma huku wakiuliza kama leo mvua itanyesha kwa pembeni. Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipokaza nati ya mwisho, na gari la injinia likapiga honi.

Alipitisha kiganja kutoka darajani hadi mwisho. Akarudia. "Safi. Nani kakufundisha kulaza hivi?"

"Uzoefu," nikasema.

Gengeni mtu akakohoa kwa nguvu. Bodaboda wakaangua kicheko, injinia asijue kwa nini.

"Mama," akamwambia mama mkwe, "kaa kwa amani. Genge lako libaki."

Gari lake lilipoondoka nikaanza kukusanya vifaa. Nikasikia sauti nyuma yangu, haikupitia kwa bodaboda wala kwa mtu yeyote.

"Ng'wanawane. Mwanangu. Acha hivyo vyuma, uje ule."

Alikuwa amenitandikia kipande cha ile khanga iliyochanika juu ya gunia la mchele. Nilikaa, nikala ndizi zake za kuchoma, yeye amenipa mgongo, nami nimempa wangu, kama desturi inavyotaka. Malori yalipita mbele yetu.

"Khanga hii," akasema bila kugeuka, "utaninunulia nyingine. Ndefu."