Kigari cha Pili

Jirani yangu, fundi kompyuta, huzungumza peke yake ng'ambo ya ukuta: “Chukua. Jumlisha. Weka.” Anaandika programu ya kuifanya kompyuta ijifanye kifaa cha michezo cha utotoni mwake, amri kwa amri, na kila inayofanya kazi huipigia tiki daftarini kwa penseli iliyobaki urefu wa kidole gumba. Jumapili aliniita. Vigari viwili vikatokea kwenye skrini. Alipobonyeza, chake kikachomoka kama mshale.

“Hongera, jirani!”

“Bado. Kifaa chetu cha zamani kilikuwa kinakwamakwama kwenye kona ile. Hapo ndipo marehemu dada alipokuwa akinipita.”

Akahangaika mpaka akairudisha kasoro hiyo. Akaendesha, akafika konani, akaachia vitufe, akasubiri. Kigari cha pili kilibaki mwanzoni, na mimi vitufe vyake sikuthubutu kuvigusa.