Siku Niliyompima Baba Mkwe Jinzi Shingoni

Sasa hivi nacheka, lakini mwenzenu kuna kipindi nilikuwa nikifika Buguruni najitanda khanga usoni nabakiza macho tu, maana pale kwenye suruali za kiume kuna watu mpaka leo hawanijui kwa jina jingine zaidi ya "yule dada wa shingo". Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine wakatia chumvi, ingawa kusema kweli hii haina hata pa kutilia chumvi.

Mume wangu Elias (mie namwita Baba Neema) ni fundi mafriji, na alikuwaga mtu wa mwili. Sio kibonge, msinielewe vibaya, mtu wa mwili, akisimama mlangoni mwanga unapungua. Kisha tumbo likamshika, akalazwa, akapasuliwa, namshukuru Mungu akatoka mzima, lakini nusu yake ni kama ilibaki kulekule wodini. Jinzi zake zote zikawa zinamning'inia. Akawa anavaa moja tu, anaikaza kwa mkanda, na mkanda wenyewe ukamwishia matundu, asubuhi moja namkuta uani amechutama kwenye jiko la mkaa anachoma msumari atoboe tundu jingine. Hakuniona. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani nikalia, nikanawa uso, nikaenda kumwekea chai.

Mafundi wenzake wakapanga Jumamosi mchana wachome kuku, wamkaribishe mwenzao kazini. Wamempigia simu, wamembembeleza, yeye jibu lake moja.

"Siendi, Mama Neema. Nikashikilie suruali mbele za watu?"

Na sio kwenye kuku tu. Hapa kwetu Mtoni alikuwa hatoki hata kwenda kununua vocha, anakaa ndani na pazia limeshushwa, mchana kweupe. Mie ndio kilichokuwa kinaniogopesha hicho. Daktari alishasema kidonda kimepona, kilichobaki ni yeye mwenyewe kurudi kwa watu, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa hataki. Nikaona asipotoka Jumamosi ile, hatatoka tena. Basi Alhamisi nikaaga naenda kufuata unga, nikashika njia ya Buguruni kutafuta jinzi moja, nzuri, ya kumkaa.

Hapo ndipo nilipokosea, kajambo kadogo tu. Mtu mwenye akili timamu angebeba kipimo. Mie nikasema nikibeba suruali yake atajua, halafu ile si ni ya Elias wa zamani, itanisaidia nini? Namba ya kiuno chake cha sasa alikuwa haijui hata yeye. Nikajiambia mie ndiye ninayemkumbatia kila siku, nitakadiria kwa mikono. (Nyie, mwanamke akipenda anajiona hata fundi cherehani.)

Nikafika kwa muuza jinzi mmoja wanamwita Side, mtu mpana, maneno mengi, jinzi zake kazipanga juu ya meza kwa rangi. Nikamwonyesha kwa mikono, kiuno cha mume wangu kipo hivi. Side akaitazama mikono yangu ilivyozunguka hewani.

"Sista, hapo umekumbatia mume au umekumbatia pipa?"

Watu wakacheka, na mie nikacheka, kisha nikamweleza ukweli, kwamba anaumwa, yaani alikuwa anaumwa, amepungua. Hapohapo Side akabadilika. Aliacha utani akanifundisha jinzi utadhani nimelipa ada. Akanyanyua modo, ile ya kubana mpaka kwenye kifundo, akaitupa pembeni, "Hii itamchora mifupa, kila atakayemwona atampa pole." Akanyanyua bwanga, "Humu atapotea, utamtafuta." Akavuta ya tatu, mguu umenyooka, haibani haipwayi, rangi ya bluu iliyopauka kidogo, magoti mazima hayajachanwachanwa. Akaniambia shika kitambaa, vuta. Nikavuta, kikavutika kidogo kikarudi.

"Usimchukulie ile ngumu kama turubai, tumbo limetoka kushonwa. Hii ina mpira kwa mbali. Akianza kula vizuri, inamfuata."

Jamani, yale maneno ya akianza kula vizuri yalinikaa moyoni, nikasema hiyohiyo, nipe. Akaniuliza namba ngapi, tukarudi palepale.

"Basi pima shingo," akasema. Mnaijua ile ya kwenye mitumba, unafunga kifungo, unaikunja suruali kiunoni, unaizungusha shingoni, ncha zikikutana nyuma bila kukaba basi kiuno kimeenea. Sasa shingo ya Baba Neema nyie naijua vizuri, ndiyo niliyoiona kwanza siku nilipomwona yeye. Nikamwambia Side shingo ninaijua, ila hapa sinayo. Akanijibu kwa mzaha, "Si hizi hapa zimejaa, chagua."

Mie nikachagua!

Meza ya pili kulikuwa na mwanaume amenipa mgongo, kainamia rundo, kavaa shati la mikono mirefu na kofia ya kitambaa. Nikaiona ile shingo. Ndefu kiasi, imelala kidogo kushoto, na kishimo kule nyuma chini ya nywele. Nikasema Mungu wangu, ndiyo yenyewe, kama amemwazima! Sikuuliza mara mbili. Nikaikunja ile jinzi, nikamwendea kwa nyuma, nikamzungushia shingoni, na mdomo wangu huu usiokuwa na breki ukasema kwa sauti, "Kaka, samahani, tulia hivyohivyo, mume wangu ana shingo nzuri kama hii."

Ncha zikakutana barabara, hazijakaba. Namba thelathini na mbili. Nikapiga kigelegele kidogo.

Yule kaka akageuka, na hakuwa kaka. Alikuwa baba mkwe wangu.

Ngoja niwaambie huyu mzee ni nani, ndipo mjue nilivyoumbuka. Ni mwalimu mstaafu, anakaa Tabata, mtu wa kwao Tabora, na kwao mkwe na mkamwana hata mkono hawapeani, mie miaka yote nane namwamkia nimepiga magoti na macho nimeyashusha. Sijawahi kumgusa hata bega. Tena jinzi ndiyo usiseme. Elias alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa alikuja nyumbani na jinzi ya mlegezo, ile ya kushuka chini ya makalio, mzee akatoka na mkasi akaikatakata barazani, majirani wanaona, wenzake wanaona. Tangu siku ile baba na mwana ni shikamoo, marahaba, mvua zimeanza, ndiyo zimeanza, basi. Hata kule hospitali mzee alikuja kila siku ya Mungu, anakaa miguuni pa kitanda anafungua gazeti, saa ya kuona wagonjwa ikiisha anakunja gazeti anaondoka. Ndiye huyo niliyemvisha jinzi shingoni Buguruni sokoni.

Nikapiga magoti palepale kwenye vumbi, "Shikamoo baba!" Kumbe mguu mmoja wa ile jinzi bado nimeushikilia, na zipu imeng'ata kamba ya miwani yake (si mnajua walimu, miwani inaning'inia kifuani), kwa hiyo nilivyoshuka mie, na yeye kichwa kikashuka. Nikiinama zaidi kwa heshima, na yeye anainama. Akijaribu kunyanyuka, ananinyanyua.

"Marahaba," akaitikia kwa shida, "niachie, mwanangu."

Mie kwa kuchanganyikiwa nikazidi kushika. Wananchi wakajaa. Na kwa kuwa walinisikia nikitaja mume wangu, wakajitungia yao. Mama mmoja muuza mikoba akapaza sauti, "Mkabe huyohuyo, dada! Mzee mzima ananunua jinzi za vijana, kuna kibinti huko!" Mwingine akadakia, "Kamfumania mumewe!" Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Jamani, sio mume wangu, huyu ni baba yangu mkwe!"

Nilidhani nimeokoa jahazi. Kumbe ndio kwanza soko zima likaangua kicheko, watu wanashikana mabega, wengine wanafuta machozi, na mie nimepiga magoti nimeshika mguu wa suruali.

Side akaja mbio kutunasua. Akavuta zipu, haiendi. Akavuta tena, kamba ikazidi kuingia. Akaomba mkasi kwa jirani, akaja nao, akashika ile jinzi pale kwenye zipu, akisema hapa dawa ni kukata kidogo tu. Mzee alimdaka mkono.

"Jinzi usiikate," akasema. "Kata kamba ya miwani yangu."

Side akakata kamba. Miwani ikadondoka kwenye rundo la suruali, nikaiokota nikaifuta na khanga yangu, nikamkabidhi kwa mikono miwili bila kumtazama. Na kwa kuwa nilikuwa natazama chini ndipo nikaona alichoshika mkono wa kushoto muda wote ule, hakukiachia hata alipokuwa amekabwa. Jinzi, bluu ya kukolea, mguu umenyooka.

"Simama, mwanangu," akasema taratibu. "Watu wanatuangalia."

Tukasogea pembeni kwenye kivuli cha turubai. Akauliza, "Huyo muuzaji amekupa namba ngapi?"

"Thelathini na mbili, baba."

Akaigeuza ya kwake nione lebo. Thelathini na sita. Nikajua ni ya nani, na nilishindwa kujizuia, nikamwambia, "Baba, hiyo haimtoshi. Itamvuka."

"Najua," akasema. "Nimemwona pale kitandani kila siku, najua alivyokwisha. Hiyo yako avae sasa. Mimi namnunulia yule anayerudi." Akaipapasa ile jinzi kiunoni kwa kidole gumba. "Nimechagua laini, kovu lisimsumbue. Usimwambie ni mimi."

Nikaipokea, nikaitikia ndiyo baba, na machozi yananitoka mbele ya mkwe, jambo ambalo nalo kwao sio heshima, lakini siku ile heshima ilikuwa imeshaisha yote.

Nyumbani Baba Neema aliijaribu ile ya thelathini na mbili. Akafunga kifungo. Akasubiri ishuke, haikushuka. Akatoa mikono mifukoni, akatembea mpaka dirishani akarudi, akaniuliza, "Umejuaje kipimo?" Nikajaribu kudanganya nikashindwa, nikaanza kumsimulia, nilipofika kwenye shikamoo alikuwa kashajikunja kitandani kashika kovu lake anacheka, ananiomba niache, nisiache. Mara ya kwanza namsikia akicheka tangu alazwe. Kisha nikaitoa ile ya pili kwenye mfuko wa unga, nikamwambia, mzee mwenyewe alisema nisikwambie ni yeye.

"Baba?" akasema. "Baba amenunua jinzi?"

Nikamwambia na habari ya mkasi. Alikaa na ile jinzi mapajani muda mrefu anaipapasa palepale alipopapasa baba yake, kisha akagongomea msumari nyuma ya mlango akaitundika. Jumamosi akaenda kwenye kuku, mikono nje ya mifuko, amechomekea shati. Mie nilimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona, halafu nikapandisha pazia.

Kila Jumapili akawa anaijaribu ile ya mlangoni. Mwanzoni ilikuwa inapita tu hadi miguuni, tunacheka, anakula. Baadaye ikawa inasimama kwenye nyonga. Jumapili moja ikakaa, sio sanasana, lakini ikakaa, na akasema leo naivaa hivihivi, mwite baba aje ale.

Mzee akaja. Shikamoo, marahaba, mvua zimeanza, ndiyo zimeanza. Akafungua gazeti. Elias akachukua jagi na beseni akamnawishe, alivyoinama jinzi ikateleza kidogo kiunoni, kidogo tu. Mzee akashusha gazeti. Mie nikasimama na bakuli la mchuzi mkononi.

"Elias," akasema. "Pandisha suruali."

Elias akamtazama. Nikaona mdomo wa mzee unacheza, unajizuia, unashindwa, kisha akacheka mpaka miwani ikamtoka, na mwanawe akakaa chini sakafuni na jagi lake, maji yamemwagika, wanacheka wote wawili sauti ileile moja. Mie nilirudi jikoni na mchuzi wangu nikalia.

Basi ndugu zangu, mie nimeapa, shingo ya mtu siigusi tena kabla sijaona uso wake, na kipimo natembea nacho kwenye pochi. Ila sijakihitaji bado. Siku hizi jinzi za Baba Neema anakwenda kuzinunua na baba yake, wawili tu, palepale kwa Side, na wameniomba kwa adabu zote nisiwasindikize.