Springi Zilizolala

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Erdington, kwa Waingereza, nilipewa buti za mpira na ndoo ya sabuni. Nilikuwa nimefungua injini za malori tangu usichana, katika gereji ya baba yangu kule Garissa, na nilikuwa nimemweleza hivyo msimamizi wa karakana, Mwingereza mrefu asiyependa maneno mengi. Alinitazama kuanzia hijabu hadi viatu, akasema, "Vizuri. Basi utajua kuosha bila kuharibu." Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Lakini nilikuwa nimetoka Uholanzi, ambako kwa miaka nilipakia biskuti kiwandani, na harufu ya oili ya injini ilinipa furaha ambayo biskuti hazikuwahi kunipa. Nikavaa buti.

Tulijenga injini za magari ya mashindano, hasa zenye turbo. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nayo huisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingeivuta peke yake. Mtu alianzia kwenye sinki, na akijaliwa akapandishwa meza ya vichwa. Kichwa ni ile sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu, ambazo ni milango ya hewa na moshi. Juu yake kuna kamshafti, mtaimbo wenye nundu zinazofungua milango hiyo. Springi ndizo huifunga. Mkuu wa meza hiyo alikuwa Papa Mukendi, fundi wa Lubumbashi mwenye tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, ila changu cha Kenya na chake cha Kongo vilisalimiana kwa mbali. Springi yeye aliiita ressort. Mimi nilimwita Papa na yeye aliniita Maman, ingawa alinizidi umri.

Nilikaa kwenye sinki muda mrefu kuliko nilivyotaka, na sikunyamaza. Kila kichwa nilichokiosha nilikitolea maoni. Hii valvu imeungua. Hii nundu imeliwa. Nadhani msimamizi alichoshwa na mdomo wangu, maana siku Njoki alipoleta injini yake, alikuja akasimama mbele ya sinki.

Njoki alikuwa nesi Mkenya aliyeishi Selly Oak, na wikendi zake aliziishia kwenye mbio za magari za kupanda milima. Injini yake ilikuwa imejengwa kwingine na kuvunjika. Springi zilikuwa dhaifu, zikashindwa kufunga valvu kwa wakati injini ilipokimbia sana, pistoni ikapanda na kuzigonga.

"Unasema unajua injini," msimamizi aliniambia. "Chagua kamshafti na springi za hii. Mukendi atakagua. Ikistahimili mashine ya kupima nguvu, utabaki mezani. Isipostahimili, utarudi hapa, na nisisikie tena habari za gereji ya baba yako."

Usiku huo nilipika wali ukaungua. Mwenyewe nilijua kwamba nafasi ya pili haingekuja.

Njoki naye alikuwa na maoni yake. "Auntie, mimi nataka cam kali kabisa," alisema. "Ile ikianza kulia kwa mlima, hata kondoo wanahama."

Nilimwambia kondoo wabaki walipo. Ninyi mnaojifunza kazi hii leo, sikilizeni hapa. Kamshafti kali huinua valvu juu sana na kuziacha wazi muda mrefu, mpaka kuna wakati mlango wa hewa na mlango wa moshi iko wazi pamoja. Kwa injini isiyo na turbo, hilo huisaidia kupumua ikiwa mbioni. Lakini turbo huuzuia moshi njiani ili uizungushe, na moshi uliozuiwa ukikuta milango yote miwili wazi hurudi ndani na kuchafua hewa safi. Kwa hiyo nilichagua kamshafti isiyoacha milango wazi pamoja kwa muda mrefu. Ila kwa urefu wa kuinua valvu nilikubali kidogo tamaa ya Njoki, nikachukua yenye nundu ndefu.

Springi ni habari nyingine. Shinikizo la turbo husukuma mgongo wa valvu ya hewa likitaka kuifungua hata pale inapotakiwa kufungwa, na moshi uliozuiwa huisukuma ya egzozi, yaani ya kutolea moshi, vilevile. Springi laini hushindwa. Ngumu kupita kiasi nazo husaga nundu za kamshafti mpaka ziwe vumbi la chuma ndani ya oili. Nilichagua springi pacha, ndogo ndani ya kubwa, za ugumu wa wastani, nikazifunga zote mwenyewe. Kisha nikampisha Papa Mukendi akague.

Akawa anazungusha kamshafti taratibu kwa spana, ameinama, taa iko mdomoni. Ghafla akaitoa taa.

"Maman Halima, attention! Ressort za moshi zinalala!"

Kwetu springi iliyolala ni springi iliyochoka, iliyopungua urefu na kupoteza nguvu, kama zile za lori lililobebeshwa mawe. Papa Mukendi hutumia "na" mahali ambapo sisi husema "me". Kwake mtu "anafika" kumbe ameshaketi na kunywa chai. Basi nilijua alimaanisha zimelala. Springi mpya, tena nilizozichagua mimi! Nikaenda kuchukua washa nyembamba, zile pete bapa za chuma, nikazifungua springi za upande wa moshi na kuweka washa chini yake ili zibanwe zaidi na kupata nguvu. Yeye alikuwa ameenda kunawa. Aliporudi na kushika spana, kamshafti ilisogea kidogo ikagoma.

"Eh, Maman! Minakwambia zinalala, unatia tena vyuma chini juu ya nini?" Kwake "juu ya nini" ni "kwa nini".

"Si umesema zimelala? Naziinua!"

"Unaziinua wapi? Zinalala!"

"Najua zimelala!"

Tulikuwa tukipigiana kelele kwa neno moja, na msimamizi alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono kifuani. Sikio langu lilikwishasikia maji ya sinki yakinichuruzikia. Nilitaka kulia, na ningelia, kama Papa Mukendi hangeweka spana chini na kunionyesha kwa mikono. Alitandaza viganja na kuvilaza kimoja juu ya kingine, akavibana.

"Zinalala hivi! Moja juu ya ingine. Hapana nafasi."

Ndipo nikaelewa. Alimaanisha kwamba nundu ikifika mwisho wa kusukuma, mizunguko ya springi hulaliana, chuma juu ya chuma, na hakuna pa kwenda. Injini ikiwaka hivyo, kitu lazima kikatike. Na mimi, kwa washa zangu, nilikuwa nimezidi kuzinyima nafasi ile kidogo iliyobaki. Nilicheka mpaka nikashika meza, naye akacheka, na msimamizi akauliza ni nini kinachochekesha. Hakuna aliyeweza kumweleza.

Nilitoa washa zote. Kisha nikarudisha ile kamshafti ya nundu ndefu na kuchukua yenye nundu fupi, maana turbo inasukuma hewa yenyewe. Mlango haukuhitaji kufunguka mpaka ukutani. Springi zikapata nafasi ya kupumua. Njoki alipoiona aliuliza, "Sasa Auntie, hii si ni ya gari ya kwenda shopping?" Nikaendelea kukaza boliti.

Siku ya kupimwa, injini ilianza kwa kunguruma, ikapanda, ikapanda zaidi, sauti yake moja iliyonyooka bila kukatika. Msimamizi aliiweka hapo juu mpaka bomba la egzozi likawa jekundu, nami nilikuwa nimeishiwa dua ninazozijua. Alipoizima, alifuta mikono na kupita mbele yangu bila kunitazama. "Kesho usivae zile buti," alisema. Nilikwenda chooni nikalia vizuri.

Tangu siku hiyo neno "kulala" lilipigwa marufuku kwenye meza yetu. Springi ikipungua nguvu tulisema imechoka, ikikosa nafasi tulisema imebanana. Hata msimamizi alijifunza, akawa anatangatanga karakana nzima akisema "banana" kama anayetafuta matunda.

Nimestaafu mwaka huu. Watu wa Ladywood, ninakoishi, huniuliza kama sijutii maisha ya grisi, nami huwaambia ningeanza tena hata kwa sinki. Kwa kijana, mwanamume au mwanamke, ninalo moja tu la kusema: kila kifaa kiulize kitaishi vipi na wenzake, na mwenzako naye muulize anamaanisha nini.

Wiki yangu ya mwisho Njoki aliileta injini ile ile, baada ya milima mingi, ikaguliwe. Papa Mukendi, aliyestaafu kabla yangu, alikuja akavuta kiti. Nilizitoa springi moja moja, nikazipima urefu, nikazibana kwenye kipimo cha nguvu. Alinisubiri hadi ya mwisho.

"Maman," aliniita kwa uchokozi, "zinalala?"

"Kwa Kiswahili chako au changu?"

"Chochote."

"Hazijalala," nikamwambia, na nikazirudisha zote ndani, kila moja mahali pake.