Bi Gurudumu: Fundi wa karatasi aliyehamishia visa vyake mtandaoni

Saa tatu asubuhi, mwanamume wa miaka hamsini na sita amejifungia kabatini.

Ni kabati la nguo la chumbani, la milango miwili, na yeye ameketi ndani yake juu ya kigoda, makoti yakimpapasa masikio. Mkononi ana simu, puani ana miwani. Nje, mkewe ameketi ukingoni mwa kitanda na orodha ya kurasa ishirini na kalamu nyekundu.

"Daktari wa meno," inasikika sauti kutoka kabatini, nzito, isiyo na haraka. Kalamu inatia alama. "Anataka kuvushwa mto kabla jua halijachwa." Alama nyingine. "Anaficha kuku ndani ya koti."

"Umecheka," anasema mke.

"Sijacheka."

"Umecheka kwenye kuku. Rudia."

Mlango unafunguka kidogo, uso wenye jasho unachungulia. "Mama, humu ndani mtu anaweza kuoka mikate."

"Mikate hailalamiki. Rudia, na kuku awe wa huzuni."

Mke huyo ana miaka arobaini na tisa, na jina lake la nyumbani limeshasahaulika. Muuza duka wa chini ya ghorofa yao, mpeleka barua, hata daktari wake, wote humwita Bi Gurudumu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mkata karatasi katika kiwanda cha uchapaji. Na kwa miaka kumi na miwili sasa amekuwa pia mtengenezaji wa vifaa vya mchezo ambao majirani zake wengi hadi leo hawauelewi.

Mchezo wenyewe hauna ubao wala mshindi. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi: anaeleza mahali, hali ya hewa, nani kabisha hodi. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, mwizi, mganga au baharia, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa la wasiwasi, dadu inarushwa. Ikikubali, umeruka ukuta. Ikikataa, umeangukia kwenye banda la nguruwe. Kisa kimoja kinaweza kuendelea kwa miaka.

Aliyemwingiza humo ni mwalimu wa jiografia aliyefika kiwandani na karatasi arobaini za kukatwa. Bi Gurudumu ana tabia ya kusoma kila anachokikata.

"Nikamuuliza, samahani mwalimu, huyu mwenye ujanja saba, nguvu mbili na kiatu kimoja ni nani? Akanitazama usoni bila hata kuona haya, akasema, 'Ni mimi, kila Jumamosi.'"

Jumamosi iliyofuata alikwenda kutazama, wakampa nafasi ya mpishi wa mfalme.

"Dakika kumi za kwanza nilitamani ardhi inimeze. Mtu mzima na akili zangu, naambiwa nimwogope jemadari ambaye ni karani wa benki. Kisha nikamdanganya huyo jemadari kuhusu supu, dadu ikanikubali, meza nzima ikapiga kelele. Nilirudi nyumbani sauti imenikauka."

Kilichomkera ni kitu kimoja. Kila wachezaji walipofanya jambo ambalo mwalimu hakulitarajia, kisa kilisimama. Mwalimu alipekua madaftari yake, chai ikapoa, watu wakaanza kuzungumzia mambo ya kazini.

Basi akaokota masalio ya karatasi ngumu kiwandani, kwa ruhusa ya bosi, akakata duara tatu, kubwa, ya kati na ndogo, akazifunga katikati kwa kifungo cha chuma. Kila duara aliigawa vipande kumi na viwili. Ya nje inasema umekutana na nani, ya kati anataka nini, ya ndani anaficha nini. Zungusha, na mtu mpya kazaliwa.

"Mwalimu alizungusha gurudumu mara moja, akasoma, akaliweka mezani," anakumbuka. "Akasema, 'Mama, hili huondoki nalo.'"

Meza nyingine zikasikia. Akatengeneza gurudumu la msituni, la mjini, la baharini, la gerezani, mpaka yakafika aina arobaini. Katika miaka yake mizuri aliuza arobaini na tano kwa mwezi, yote yakikatwa na kufungwa kwa mkono kwenye meza ya chakula, na pato lake likaushinda mshahara wa kiwandani.

Kisha watu wakatawanyika. Wachezaji walihamishwa kikazi, wakaolewa mbali, wakaanza kuchezea kwenye simu, kila mmoja nyumbani kwake. Msimulizi aliinua gurudumu mbele ya kamera na wenzake wakasema hawaoni kitu. Nauli ya kutuma kifurushi ikaipita bei ya gurudumu. Wengine walilipiga picha na kusambaziana. Mauzo yakashuka hadi sita kwa mwezi, na mwaka huohuo kiwanda kikampunguzia kazi, akawa wa nusu siku.

Aliyemwokoa alikuja na masanduku mawili na paka. Ni dada mdogo wa mumewe, mwandishi wa programu za kompyuta, aliyehamishiwa ofisi ya karibu na kuomba kukaa miezi mitatu wakati akitafuta nyumba. Sasa ni mwaka wa tatu.

"Watu wanahangaika kutafuta wifi," anasema Bi Gurudumu, na ni dhahiri kwamba utani huu ameutumia zaidi ya mara moja. "Mimi yangu ilikuja yenyewe mlangoni. Tena haina nenosiri, ina maneno tu."

"Na inakula," anaongeza wifi mtu kutoka jikoni.

Wifi ndiye aliyetoa wazo: magurudumu yahamie mtandaoni, watu walipe ada ndogo kila mwezi na wazungushe wanavyotaka, popote walipo, wote wakiona jibu kwa pamoja. Wahusika wao na visa vyao vihifadhiwe humohumo. Ada waliyoipanga ni sawa na bei ya mkate mmoja na pakiti ya maziwa.

Kazi ilichukua miezi minane, mawifi wawili meza moja, mmoja na kompyuta, mwingine na mkasi. Toleo la kwanza walipowapa marafiki ili walijaribu, malalamiko yalikuwa ya ajabu. Linafanya kazi, walisema, ila halina roho. Kila mara linaleta balaa.

Wifi alikagua hesabu zake siku mbili, hakuona kosa. Siku ya tatu akachukua gurudumu la karatasi na rula.

"Nikagundua vipande havilingani," anasimulia. "Vya habari mbaya ni vyembamba, vya habari njema ni vinene, na cha joka ni chembamba kama kijiti cha kiberiti! Nikamuuliza, wifi, hii ni nini? Miezi minane hujaniambia!"

"Nilidhani unaona," Bi Gurudumu anajitetea. "Joka likitokea kila siku, litaitwa tena joka? Litakuwa mbuzi."

Walipima vipande vyote 1,440, kimoja baada ya kingine, na kompyuta ikafundishwa kubahatisha kwa upana wa mkasi wake.

Miaka miwili iliyopita walifungua milango. Siku ya pili tu, simu ikalia. Alikuwa mwalimu wa jiografia, na hakusalimia.

"Yaani nilinunua mara moja, sasa nilipe kila mwezi? Na mwezi nikikosa, mnamfungia mhusika wangu ndani? Nimeishi naye zaidi ya miaka kumi!"

Bi Gurudumu anasema maneno hayo yalimchoma kuliko alivyotegemea. Alivaa viatu, akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa mwalimu, dakika arobaini, akiandaa majibu njiani. Mke wa mwalimu alimkaribisha, na mezani palikuwa na faili la karatasi za mhusika yule mwenye kiatu kimoja, zimefutwa na kuandikwa upya mpaka zimetoboka.

"Nikamwambia, mwalimu, nifanye nini? Akasema, 'Gurudumu ni lako, toza unavyotaka. Ila mtu wangu ni wangu.' Nikaona ana haki."

Jioni ile mawifi waligombana. Wifi alisema kampuni zote hufanya hivyo: ukiacha kulipa, mlango unafungwa. Bi Gurudumu akajibu kwamba yeye si kampuni, yeye ni mkata karatasi. Hawakusemeshana hadi kesho yake saa sita, paka alipopindua bakuli la gundi juu ya kibodi na wote wawili wakalazimika kucheka.

Waliafikiana hivi: anayeacha kulipa hawezi kuzungusha, lakini kila alichokiandika atakisoma na kukichapa milele. Na mwenye gurudumu la karatasi akituma picha ya mgongo wa gurudumu hilo, ambako Bi Gurudumu aliandika namba kwa mkono, anapewa mwaka mzima bure. Watu 711 walituma. Mwaka wao ulipoisha, zaidi ya mia tano walibaki na kulipa, mwalimu akiwa wa kwanza.

Siku ambayo haitasahaulika katika nyumba hii ni Jumamosi moja ya mwaka jana. Saa nane mchana, meza 143 zikiwa katikati ya visa, mfumo ukakwama. Wifi alikuwa ameweka marekebisho asubuhi, na kosa moja dogo likaangusha yote.

"Nilikuwa napekua mistari ya programu mmoja mmoja," anasema wifi. "Nilikuwa nataka kulia. Nikamsikia yeye anavuta droo."

Bi Gurudumu alikuwa amemwaga magurudumu ya karatasi mezani. Akatuma ujumbe kwa wanachama wote, wenye namba za simu mbili, yake na ya mumewe, na maneno manne: *Pigeni, tutawazungushia kwa mkono.*

Mumewe, fundi wa breki ambaye hajawahi kucheza mchezo huu hata siku moja, alikuwa ametoka kuoga.

"Nikapewa simu na duara," anasema. "Nikaambiwa zungusha na usome. Mtu wa kwanza ananiambia, 'Tuko pangoni, tumesikia hatua.' Nikamwambia pole sana, ndugu yangu, ngoja nitafute miwani."

Kwa saa tatu walipokea simu zaidi ya mia mbili. Fundi alisoma kila kitu kwa utulivu uleule anaomwelezea nao mteja kwamba breki zake zimekwisha. Meza zilianza kupiga na kumwomba yeye. Saa kumi na moja mfumo uliporudi, wanachama wawili walikuwa wamejitoa na kumi na tisa wapya wamejisajili, na kisanduku cha ujumbe kilijaa swali moja: yule mzee mnamwondoa?

Simu moja ilikuwa tofauti. Alipiga opereta wa simu wa hospitali, mtu asiyeona tangu kuzaliwa, ambaye amecheza mchezo huu kwa miaka saba. Kuna gurudumu liitwalo la siri, ambalo kila mchezaji huzungusha lake na kusoma kimoyomoyo. Yeye husomewa na dada yake, kwa sauti, mbele ya wote.

"Siri yangu meza nzima inaijua kabla sijaimeza," anasema opereta kwa simu, akicheka. "Miaka saba sijawahi kumsaliti mtu kwa kushtukiza! Siku ile nikapiga mwenyewe, yule mzee akanisomea sikioni: 'Unamfanyia kazi adui.' Wenzangu wakaniuliza, umeambiwa nini? Nikawajibu, mtajua."

Aliuliza mwishoni kama inawezekana iwe hivyo kila wiki. Bi Gurudumu akamuuliza kwa nini simu yake isimsomee, maana zipo zinazosoma maandishi. Akamjibu kwamba kwenye magurudumu yao inasoma neno moja tu: picha, picha, picha.

"Nilishika kichwa," anasema wifi. "Tuliyachora yapendeze, hatukumfikiria asiyeyaona."

Kosa hilo lilirekebishwa ndani ya wiki mbili. Lakini opereta alikuwa na ombi jingine: sauti ya mashine ni kavu, joka na bakuli vinasikika sawasawa. Ndipo fundi wa breki alipoanza kuingia kabatini, ambako makoti huzuia kelele za mtaani. Hadi wiki hii amesoma vipande 903. Kila Jumapili anapumzika, na kila Jumatatu anasema ameacha.

Leo wanachama wanaolipa ni 1,260. Wameajiri mtu wa kuwajibu wateja, na Bi Gurudumu ameacha kiwanda, ingawa bado hupita kusalimia mashine yake ya kukatia. Magurudumu ya karatasi anayauza bado, kumi kwa mwezi, kwa wanaopenda kushika kitu.

Mwezi ujao opereta ataongoza meza yake ya kwanza kama msimulizi. Wachezaji ni watano, watatu kati yao hawaoni. Gurudumu ameliandika mwenyewe, vipande thelathini na sita, kwa kutumia gurudumu tupu ambalo wanachama hujazia maneno yao. Bi Gurudumu, anayeweza kufungua chochote kilichomo kwenye mfumo, amemwomba wifi amfungie hilo asilione. Na ameomba kiti cha tano.

"Miaka kumi na miwili kila meza ninayokaa najua joka liko wapi, maana nimeliweka mimi," anasema, akiikunja orodha ya kurasa ishirini. "Nimechoka kujua. Nataka na mimi nikae pale, moyo unidunde, niulize kama wenzangu: halafu?"